Ukinzani na Nguvu ya Umeme: Hesabu na Istilahi

Istilahi "ukinzani" inatokana na kitenzi "kinza", yaani kupinga au kuzuia; "mkondo" nao ni neno la maji yaendayo kasi. Utata umo katika "nguvu", neno ambalo baadhi ya wasemaji hulitumia hata kwa volteji. Hesabu huuondoa.

Chukua mfano wa birika la umeme linalotumia volti 240, kiwango cha majumbani nchini Kenya, na kupitisha mkondo wa ampea 8. Ukinzani hupatikana kwa kugawa volteji kwa mkondo: 240 ÷ 8 = omu 30. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha: 240 × 8 = wati 1,920. Volteji, basi, ni msukumo. Nguvu ni kasi ya kutumia kawi, au nishati kama wasemavyo Watanzania.

Ukinzani ukiongezwa hadi omu 60, mkondo hupungua kuwa ampea 4, na nguvu hushuka hadi wati 960. Maji yale yale yatachukua takriban muda maradufu kuchemka. Lugha ya kawaida humpotosha mwanafunzi hapa, kwa kuwa anayekinza husifiwa kwa nguvu zake; katika birika, volteji isipobadilika, mambo huwa kinyume.