Bolti Iliyokatikia Ndani: Namna ya Kuiokoa Injini Ndogo ya Mashine ya Kukatia Nyasi



Katika somo la robo hii tunaangalia jambo linaloonekana dogo. Mashine ya kukatia nyasi katika uwanja wa zahanati au shule ya parokia hufanya kazi ya watu wengi wenye mafyekeo. Siku moja bolti inakatika, kipande kinabaki ndani ya injini, na mashine inasukumwa stoo. Miezi inapita, nyasi zinapanda hadi madirishani, na kamati inaanza kuandika barua ya kuomba mashine mpya. Kumbe injini ni nzima. Lengo la somo ni kuonyesha kwamba kipande hicho kinaweza kutoka, na kwamba kinachoua injini mara nyingi ni haraka ya kukitoa.

Kwa nini bolti hukatika

Injini hizi ndogo kwa kawaida huwa na bloku ya aluminiamu, ambayo ni laini, na bolti za chuma. Vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja na unyevu, kutu huvishika kama gundi. Bolti za bomba la moshi huteseka zaidi, kwa kuwa hupata moto, hupoa na kutetemeka kila siku. Sababu nyingine ni mkono mzito wakati wa kukaza.

Kabla ya kuleta kifaa chochote, ulizeni: ilikatika lini? Kama ilikatika wakati wa kukazwa, au kwa mtetemo mashine ikiwa kazini, huenda kipande hakijashikwa sana, na ncha kali tu yaweza kukizungusha. Kama ilikatika wakati wa kufunguliwa, basi imeshikwa na kutu na itahitaji subira.

Usalama kwanza

Acheni injini ipoe. Chomoeni waya wa plagi ili injini isiweze kuwaka kwa bahati mbaya. Toeni petroli yote na kuiweka mbali. Vaeni miwani ya kukinga macho.

Hatua, kutoka iliyo laini hadi iliyo kali

1. Safisheni mahali hapo kwa brashi ya waya, kisha wekeni mafuta ya kulegeza kutu. Yaacheni usiku kucha. Asubuhi gongeni kipande taratibu kwa nyundo ndogo, kisha ongezeni mafuta.

2. Kipande kikiwa kimechomoza, kikamateni kwa plaizi ya kujifunga. Kizungusheni kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka kilegee. Kikikataa, fundi wa kuchomelea aweza kuweka nati juu yake na kuichomelea. Joto hilo hulegeza kutu, na nati inapata spana. Kwa kazi hii na ile ya hatua ya 3, tangi la petroli liondolewe kabisa.

3. Joto pia husaidia likiwekwa kwenye aluminiamu inayozunguka bolti, kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tundu hulegea. Lakini angalieni: aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi za Selsiasi, na haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Haitoi onyo. Moto uwe mdogo na usitulie mahali pamoja.

4. Kipande kikiwa kimezama, pigeni alama katikati yake kabisa kwa panchi. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Biti ya drili ikienda pembeni itaikata aluminiamu laini na kuacha chuma kigumu. Kwa bolti ya milimita 6, anzeni na tundu dogo la milimita 2 hadi 3. Ikipatikana biti inayokata kwa kuzunguka kushoto, ni bora zaidi, kwani mara nyingine hukitoa kipande chenyewe wakati wa kutoboa.

5. Ekstrakta, yaani kifaa chenye meno ya kushoto kinachoingizwa ndani ya tundu hilo, itumike kwa mkono mwepesi. Imetengenezwa kwa chuma kigumu sana. Ikikatikia ndani, biti ya kawaida haiwezi kuitoboa, na bolti ya bei ndogo imegeuka kuwa gharama ya injini. Mkiona inajipinda na kipande hakisogei, simameni.

6. Njia ya mwisho ni kutoboa bolti yote, kwa mashine ya drili iliyosimama imara. Kwa bolti ya milimita 6 yenye nyuzi za kawaida, tundu ni milimita 5, kisha tapu husafisha nyuzi. Nyuzi zikiwa zimeharibika, fundi hupanua tundu na kuweka nyuzi mpya za waya wa chuma. Mara nyingi hizo huwa imara kuliko zile za aluminiamu.

Kurudisha bolti mpya

Hakikisheni bolti ni ya aina ile ile. Injini za Honda GX hutumia vipimo vya milimita, lakini nyingi za Briggs & Stratton hutumia inchi. Bolti ya robo inchi ina milimita 6.35, na kwa macho inafanana na ya milimita 6, lakini nyuzi zake ni tofauti na zitaharibu tundu. Anzeni kuikaza kwa vidole. Ikikataa vidole, msiilazimishe kwa spana. Kwenye bomba la moshi pakeni grisi ya shaba inayostahimili joto. Kisha kazeni kwa spana fupi, kwa kufuata kitabu cha injini.

Neno kwa kamati na wafadhili

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunashauri kila kamati iteue mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "tusimame, tumpelekee fundi wa karakana." Kabla ya kuomba injini mpya, pateni bei ya fundi huyo kwa maandishi na kuilinganisha. Nanyi wafadhili, mnapotoa mashine, ongezeni kisanduku chenye panchi, biti nzuri, tapu, mafuta ya kulegeza kutu na bolti za akiba. Kisanduku hicho huongeza miaka ya zawadi yenu.

Maswali ya kujadiliana

- Ni mashine ipi iliyolala stoo kwetu, na ni kifaa gani hasa kilichoharibika?
- Nani kati yetu ameruhusiwa kuifungua, na nani anaweza kumzuia?
- Je, bajeti ya mwaka huu ina fungu la vipuri vidogo?