Ukataji Safi wa Vibandiko vya Gundi

Kibandiko cha chupa ya dawa huonekana kuwa karatasi moja. Kabla ya kubandikwa, hata hivyo, huwa ni sehemu ya tabaka nne: karatasi ya juu yenye maandishi, gundi, utando mwembamba wa silikoni, na karatasi ya chini inayokibeba. Kalibu yenye makali hutakiwa kukata tabaka mbili za juu tu. Karatasi ya chini mara nyingi ina unene wa karibu milimita 0.06, yaani kama unywele. Hivyo nafasi ya kukosea ni ndogo mno.

Makali yasipofika chini, nyuzi hubaki hazijakatika, na kibandiko hung'oka pamoja na mabaki. Yakizama kupita kiasi, hupasua silikoni; gundi hupenya na kushika karatasi ya chini. Hapo kibandiko hakibanduki, au utepe hukatika mashinani, na chupa yaweza kutoka bila maelezo ya kipimo cha dawa.

Chanzo cha kwanza cha kasoro ni makali butu. Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Ncha ya makali ikipanuka, eneo huongezeka na kanieneo hupungua. Fundi akiongeza kani ili kufidia, karatasi hupondwa badala ya kukatwa, na gundi husukumwa pembeni. Dawa yake ni kunoa au kubadili kalibu.

Chanzo cha pili ni joto. Gundi ikipata joto hulainika, huchuruzika na kunata kwenye makali. Basi karatasi ihifadhiwe mahali penye ubaridi wa wastani.

Cha tatu ni umbo. Mabaki yanapovutwa, mkazo hukusanyika kwenye pembe kali na kuyachana; pembe za mviringo huutawanya.

Jaribio: Mwalimu akate vibandiko viwili kwa wembe, kimoja kwa mkono mwepesi, kingine kwa nguvu. Vibanduliwe, kisha karatasi za chini zipakwe wino na kupanguswa mara moja. Silikoni hukataa wino. Palipopasuka, wino huingia katika nyuzi na kubaki kama mstari.

Maswali:
1. Kwa nini wino hubaki kwenye mpasuko tu?
2. Kwa nini kuongeza kani si dawa ya makali butu?