Kabla Hujamkabidhi Mgonjwa Wako: Jinsi ya Kumtambua Mtaalamu wa Tiba ya Kazi Aliye na Leseni

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wadini, mara nyingi safari ndefu ndiyo kwanza inaanza. Amerudi nyumbani akiwa hai, lakini hawezi kufunga vifungo vya shati, kumega ugali wala kujisaidia chooni bila kushikwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo amefika umri wa kwenda shule na bado hawezi kushika kijiko. Mama aliyeunguzwa mkono na mafuta moto anaona vidole vikijikunja kadiri kovu linavyokaza. Wote hawa wanamhitaji mtaalamu wa tiba ya kazi, yule ambaye wafanyakazi wengi wa hospitali humwita kwa herufi mbili tu, OT.

Neno “kazi” hapa lisikupoteze. Halihusu ajira peke yake, bali shughuli zote zinazoijaza siku ya mtu: kuoga, kuvaa, kupika, kuandika, kulima. Kwa mtoto, kucheza na kujifunza ndiyo kazi yenyewe. Mtaalamu huyu humpima mgonjwa, akaangalia na nyumba anamoishi, kisha humfundisha njia ya kufanya tena yale aliyoshindwa. Pengine atamtengenezea banzi la kunyoosha vidole, au atashauri kijiko kiongezwe unene kwenye mpini. Yeye si mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa vyumba vyao mara nyingi hupakana na hushirikiana sana. Wa fiziotherapia hushughulikia zaidi nguvu za misuli, viungo na mwendo. Wana sheria yao ya mwaka 2014 na baraza lao. Wataalamu wa tiba ya kazi nao wana sheria yao ya mafunzo, usajili na leseni, ya mwaka 2022. Leseni ya taaluma moja haimruhusu mtu kufanya kazi ya nyingine.

Pa kuanzia ni hospitali ya umma iliyo karibu nawe. Mwombe daktari au afisa wa kliniki anayemhudumia mgonjwa akuandikie barua ya rufaa. Si kila hospitali ya kaunti ndogo ina mtaalamu huyu, kwa hivyo uliza kwanza kabla ya kulipa nauli ya kumbeba mgonjwa asiyeweza kutembea. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako pia anaweza kukuulizia.

Shida huja pale foleni inapokuwa ndefu na jirani akasema anamjua mtu anayekuja hadi nyumbani. Wapo wataalamu halali wanaotibu majumbani, tena wazuri. Lakini wapo pia waliojifunza kukanda misuli kwa kutazama wengine, wakanunua koti jeupe. Sisi Wakenya humwita kila mwenye koti hilo “daktari”, na heshima hiyo ndiyo inayowafungulia mlango.

Madhara yake si ya pesa tu. Mkono uliopooza ukivutwa kwa nguvu, bega linaweza kuteguka na kuacha maumivu ya muda mrefu. Mgonjwa aliyepoteza hisia akiwekewa kitambaa cha moto anaweza kuungua asijue. Na hata asipoumizwa, muda unampita: miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo mwili unapopata nafuu kwa kasi zaidi, na miezi hiyo haikomboleki.

Basi omba kuona karatasi, na ujue unasoma nini. Cheti cha chuo, kwa mfano diploma ya KMTC, kinathibitisha kwamba mtu alisoma na kuhitimu. Hakimruhusu kutibu. Cheti cha usajili kinaonyesha kwamba baraza la taaluma limemwingiza katika daftari lake. Leseni ndiyo inayomruhusu kufanya kazi kwa kipindi kilichoandikwa juu yake, kwa hivyo tazama tarehe ya kuisha. Linganisha jina na lile la kitambulisho.

Kuna karatasi nyingine ambayo huwapoteza wengi, nayo inatoka kwetu sisi wa kaunti: kibali cha biashara. Utakiona kimetundikwa ukutani, kina nembo na muhuri. Kibali hicho kinaonyesha kwamba mwenye chumba amelipa ada ya kufanyia biashara mahali hapo. Hakisemi lolote kuhusu ujuzi wake wa kutibu. Kliniki yenyewe pia inahitaji leseni ya kituo cha afya, mbali na ile ya mtaalamu.

Kuuliza si utovu wa adabu. Unaweza kusema hivi: “Daktari, kabla hatujaanza naomba kuona leseni yako, na uniruhusu niandike namba ya usajili.” Mwenye leseni hatakasirika. Kisha peleka jina kamili na namba hiyo kwa baraza la taaluma yake ili lithibitishe. Usitegemee picha ya cheti iliyotumwa kwa simu, maana picha hubadilishwa kwa urahisi. Jina lisipopatikana mara moja, usikimbilie kumwita mtu tapeli: huenda alisajiliwa kwa jina la kabla ya ndoa, au tahajia imekosewa. Rudia kwa namba.

Hata leseni ikiwa sawa, siku ya kwanza itakuonyesha mengi. Mtaalamu wa kweli huanza kwa kupima na kuuliza, huandika kumbukumbu, na huwafundisha watu wa nyumbani cha kufanya akiondoka. Anayeahidi kwamba mgonjwa atatembea baada ya wiki mbili, au anayetaka ulipe vikao kumi kabla hajamgusa mgonjwa, mwogope. Mwanafunzi akija hospitalini kufanya mazoezi ya taaluma si kosa, mradi awe chini ya usimamizi na ujulishwe.

Ukishuku jambo, hifadhi risiti, ujumbe wa M-Pesa na tarehe za vikao. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa katika kituo cha afya, na malalamiko hayo yachunguzwe. Anza na msimamizi wa kituo au ofisi ya afya ya kaunti ndogo, kisha baraza la taaluma husika. Sheria hiyo pia iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Taaluma za Afya, KHPOA, ambayo hupokea malalamiko ya wagonjwa. Kama mtu alijifanya mtaalamu na kuchukua pesa zako, piga ripoti kwenye kituo cha polisi na uombe namba ya OB. Na ikiwa mgonjwa ameumizwa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Karatasi za malalamiko zitafuata.