Jimbo na Mipaka Yake: Somo Kutoka Karagwe na Kyerwa

Neno "jimbo" twalitumia kila siku. Twasema Jimbo la Kayanga, lililozaliwa mwaka 2008 kutoka Jimbo la Rulenge, na kila mmoja aelewa kwamba twanena juu ya Askofu na waamini aliokabidhiwa. Lakini liko jimbo lingine, jimbo la uchaguzi, ambalo wengi wetu hulikumbuka mara moja tu katika miaka mitano, tena kwa majuma machache ya kampeni. Leo twataka kulitazama hilo la pili. Tumechagua nchi ya Karagwe ya kale, iliyogawanyika leo katika wilaya mbili na majimbo mawili ya uchaguzi, Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Historia ya pembe hiyo ya Tanzania yaonyesha wazi mipaka huwekwa na nani, na kwa faida ya nani.

Tuanze na nchi yenyewe. Vilima virefu vimelala kutoka kusini kwenda kaskazini kama matuta ya shamba, na kati yake mna mabonde yenye mafunjo na maziwa madogo. Mto Kagera, unaopeleka maji yake katika Ziwa Viktoria, umeizunguka nchi hiyo upande wa magharibi na wa kaskazini. Ng'ambo yake ni Rwanda, kisha Uganda. Wenyeji wake, Wanyambo, pamoja na jamaa nyingi waliohamia kwao, huishi kwa migomba, maharage, kahawa na ng'ombe. Upande wa Kyerwa ardhini mna madini ya bati. Mwaka 2019 mapori mawili ya akiba yalifanywa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hii ni nchi ya wakulima na wafugaji, yenye vijiji vilivyotawanyika vilimani, na kwa mtu wa Murongo, ukingoni mwa mto, Uganda ni karibu sana kuliko Bukoba.

Zamani nchi hiyo ilikuwa ufalme. Omukama wake, wa ukoo wa Abahinda, alikaa Bweranyange. Hapo ndipo Omukama Rumanyika alipowapokea Waingereza Speke na Grant mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876. Wafanya biashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufika kabla yao. Basi nchi hii haikuwa gizani ikingoja kugunduliwa; ilikuwa na watawala wake, njia zake na wageni wake.

Mipaka ya leo ilianza kuchorwa mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza walipatana kwamba mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta utenge maeneo yao. Hakuna mkulima wa Karagwe aliyeulizwa. Mashariki zaidi, huko Missenyi, mstari huo uliacha kipande cha nchi upande wa kaskazini wa mto, na kipande hicho ndicho majeshi ya Idi Amin yaliyokivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Mkoa mzima, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera mwaka 1979, baada ya vita. Hivyo mstari uliochorwa na wageni mezani ulikuja kulipiwa kwa damu ya wenyeji baada ya miaka 88.

Lakini si kila mpaka uliowekwa hubaki ulivyo. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana kuikata sehemu ya mashariki ya Ruanda, nchi ya Gisaka, ng'ambo ya Kagera, iwe chini ya Waingereza kwa ajili ya reli waliyokusudia kuijenga. Mfalme Musinga alilalamika, na Askofu Léon Classe naye alipinga. Mwaka 1923 neno hilo lilibadilishwa, Gisaka ikarudishwa, na mto ukabaki kuwa mpaka. Walionyamaza walichorewa, waliosema walisikilizwa, ingawa kwa kuchelewa.

Sasa tuje kwenye mipaka ya kura. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959 nchi nzima ilikuwa na majimbo 10 tu, na Ziwa Magharibi yote ilihesabiwa kuwa jimbo moja. Kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na haki ya kupiga kura ilipewa wale tu wenye kipato, elimu au cheo kilichotajwa na sheria. Wakulima wengi wa vilimani waliachwa nje. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, kila mtu mzima aliweza kuchagua kati ya wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Vyama vingi vilirudishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika mwaka 1995.

Hapa twaomba msomaji aangalie jambo moja. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, lakini tayari mwaka 2005 Kyerwa ilikuwa imemchagua mbunge wake. Maana yake wilaya na jimbo la uchaguzi ni vitu viwili. Wilaya ni ya kutawala: huwekwa ili serikali iwafikie watu. Jimbo la uchaguzi huwekwa ili watu waifikie serikali. Ibara ya 75 ya Katiba imeipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuigawa nchi katika majimbo, na yaiagiza kuangalia njia za mawasiliano na hali ya nchi, na kuichunguza migawanyo hiyo angalau kila baada ya miaka kumi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 kila moja ya wilaya hizi mbili ilikuwa na watu zaidi ya 320,000. Wote hao, katika kila jimbo, wana sauti ya mtu mmoja Bungeni.

Je, mtu huyo ametumwa kazi gani? Katiba yasema kwamba Bunge ndicho chombo cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge hutunga sheria, huyapima makadirio ya fedha, na huwauliza Mawaziri maswali. Kununua jeneza kwa kila msiba au kugawa kanga na sukari si kazi aliyotumwa, na mpiga kura anayemdai hayo humwondoa katika kazi yake ya kweli.

Watu wa Kagera wana neno ambalo taifa zima laweza kujifunza kwalo. Neno hilo ni "butura". Mkulima mwenye shida huuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyemkopesha fedha. Msimu ukifika, yeye huvuna kwa jasho, na faida huchukuliwa na mwingine. Tusimcheke, maana mara nyingi ni njaa au ada ya shule iliyomsukuma. Lakini kila mmoja huko ajua kwamba butura haijamtajirisha mkulima hata mmoja. Basi anayetoa kura yake kwa ajili ya kitenge au noti ya shilingi elfu kumi amefanya butura ya miaka mitano. Ameuza ua, na matunda yote, barabara, dawa za zahanati, bei ya kahawa, hana tena kinywa cha kuyadai.

Yatupasa basi tuanze nyumbani. Wazazi wawafundishe watoto wao jimbo lao la uchaguzi lina mipaka gani, na nani huwasemea Bungeni. Wafuate makadirio yanaposomwa, waulize ni nini kilichotengwa kwa ajili ya kata yao. Mbunge anapofanya ziara, wamwulize amesema nini kwa niaba yao, na wamwulize kwa adabu bila woga. Mkulima wa Kiruruma hakuuchora mpaka wa mwaka 1890, wala hakupiga kura mwaka 1959 kama hakuwa na kipato, elimu au cheo. Mtoto wake amepewa haki hiyo akitimiza miaka 18. Ni haki iliyochelewa kufika vilimani. Asiiuze ingali ua.