Mikono Imetakata, Moyo Haujatulia

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 Ituri na Kivu Kaskazini, na kunawa mikono kulituokoa wengi. Milangoni mwa makanisa, shule na ofisi za Bunia kulikuwa na ndoo za maji ya klorini. Ikaja Korona, tukaendelea kunawa. Tulifanya vema.

Kijitabu hiki kinamhusu mtu aliyekwisha kunawa, anayeiona mikono yake imetakata, lakini moyo unamwambia uchafu ungalipo. Ananawa tena na tena mpaka ngozi inachubuka, na bidoni la maji aliloteka mdogo wake linaisha kabla ya mchana. Anajua anazidisha, ila hawezi kuacha. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Madaktari huuandika TOC kwenye fishi ya mgonjwa. Sisi tutauita ugonjwa wa mawazo ya kulazimisha.

Wazo la kutisha huingia bila kuitwa. Mgonjwa hufanya tendo fulani ili hofu ipungue. Hupungua kidogo, kisha hurudi kwa nguvu. Kunawa ni sura moja tu. Mwingine hukagua kufuli. Katika mji ulioona vita ya 1999 hadi 2003, na unaopokea hadi leo waliokimbia Djugu na Irumu, kufunga mlango vizuri ni busara. Lakini anayeamka mara 15 kuishika kufuli ileile, akarudi kitandani bila kuamini alichokishika, anahitaji tiba.

Sura inayofichwa zaidi ni mawazo mabaya. Mama aliyejifungua karibuni anajiona akilini akimdhuru mtoto wake, akaogopa hata kushika kisu cha jikoni. Mwumini katikati ya sala anajiwa na matusi dhidi ya Mungu. Hawayataki kabisa mawazo hayo. Yanawatesa kwa sababu yanapingana na upendo wao na imani yao. Hunyamaza miaka mingi wakidhani wamelogwa au wameingiwa na pepo. Wachungaji, mapadri na maimamu, tunawasihi: mwombeeni mgonjwa, na mhimizeni aende hospitali. Kumfunga kamba, kumshindisha njaa au kumchapa ni kumtesa mtu ambaye tayari anateseka.

Nyumbani ndipo pagumu zaidi, kwa kuwa huruma yenyewe hugeuka chakula cha ugonjwa. Anauliza, “Yaya, una hakika nilifunga?” Unajibu ndiyo kwa mara ya ishirini, anatulia kidogo, kisha anauliza tena. Usimcheke, usimkemee, wala usimnyime maji ghafla. Mwambie kwa upole: “Naona hofu imekushika. Swali hilo sitalijibu tena, lakini nitakaa nawe mpaka ipoe.” Mpatane kwanza, mpunguze kidogo kidogo.

Tiba ya mazungumzo hufuata njia hiyohiyo. Mgonjwa, akiwa na msaidizi, anashika kitasa anachokiogopa, hanawi, anangoja, mpaka ajionee kwamba hofu hushuka yenyewe. Dawa pia zipo: fluoksetini, na klomipramini ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu. Huchelewa kufanya kazi, mara nyingi wiki 8 hadi 12, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya tatu, wala usiziache bila kumuuliza daktari.

Mgonjwa akisema anataka kujiua, au anasikia sauti zinazomwamuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wengine waanzie kituo cha afya cha mtaa wao na kuomba barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Rufaa ya Bunia. Muuguzi aelezwe ni mawazo gani, ni matendo gani, na yanakula saa ngapi kwa siku. Yakizidi saa moja, au yakimzuia mtu kwenda shambani, sokoni au shuleni, hiyo ni dalili nzito. Mgonjwa akiona haya kuyasema mbele ya ndugu, mwacheni aingie peke yake.