Maumivu Sugu na Usajili wa Ulemavu: Anachopaswa Kujua Mkaazi wa Rongai

Mtu aliyevunjika mguu huonekana. Mtu ambaye mgongo umemuuma kwa miaka 6 haonekani, na hapo ndipo shida ya wengi huanzia. Iwe Solai, Visoi, Mosop, Soin au Menengai West, wako waliolima, waliokata mkonge au kubeba magunia hadi mwili ukakataa, na bado huambiwa hawana ulemavu kwa sababu wanatembea.

Sheria haisemi hivyo. Ibara ya 260 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inahesabu kuwa ulemavu hali au ugonjwa wowote unaoathiri kwa kiasi kikubwa, au kwa muda mrefu, uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Shirika la Afya Duniani nalo linatambua maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3 kama tatizo la kiafya linalojitegemea. Kwa hivyo swali la msingi ni moja: maumivu hayo yanamzuia mtu kufanya nini?

Anayetaka kusajiliwa huanza hospitalini. Tathmini hufanywa na jopo la wahudumu wa afya katika hospitali zilizoidhinishwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH. Kadi yenyewe hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo ni taasisi ya serikali ya kitaifa na lina ofisi mjini Nakuru. Kaunti haitoi kadi. Anayedai pesa kwa ahadi ya kuiharakisha anatapeli.

Siku ya tathmini ndiyo inayoamua mengi, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi. Mkaazi akiulizwa hali, hujibu kwa adabu tuliyozoea: "Niko sawa tu, daktari, ni mgongo kidogo." Jibu hilo linafaa sokoni. Mbele ya jopo, linaandikwa kama lilivyo. Afadhali aseme kwamba hawezi kusimama kwa zaidi ya dakika 15, kwamba mtungi wa lita 20 sasa hubebwa na mtoto, kwamba huamka mara tatu usiku, kwamba alikuwa akipalilia robo ekari kwa siku na sasa anapalilia mistari miwili. Aeleze siku mbaya na siku nzuri, na ni ngapi kwa wiki, bila kutia chumvi. Abebe kitambulisho, picha za eksirei, karatasi za kliniki na majina ya dawa, hata zile za miaka ya nyuma. Anayetibiwa kwa dawa za dukani pekee hana rekodi, na ni vyema aanze kuhudhuria kituo cha afya mapema. Kama kuna lugha anayoieleza shida yake vizuri zaidi, aende na mtu wa kumtafsiria.

Kadi si mshahara, na wengi hukata tamaa wanapogundua hivyo. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii hulenga wenye ulemavu mkubwa, yaani wanaohitaji mtu wa kuwatunza wakati wote. Mwenye maumivu ya mgongo anayejihudumia mwenyewe kwa kawaida hatazipata, na ni heri alijue hilo kabla ya kutumia nauli. Lakini kadi humwezesha kuomba vifaa saidizi kupitia Baraza. Mwenye mshahara au biashara anaweza kuiomba KRA imwondolee kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Aliyeajiriwa huhitaji barua ya mwajiri inayoeleza jinsi hali hiyo inavyoathiri kazi yake.

Aliyeumia kazini ana njia nyingine. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, dai huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kibarua aliyeanguka shambani na kuambiwa apumzike "mpaka apone" anaweza kupumzika hadi muda huo ukapita. Ajali iripotiwe kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi, na nakala ibaki nyumbani.