Dondoo Muhimu: Kabla ya Kulipia Mchezo wa Mtandaoni
Ewe kijana wa Kiritiri uliyevutwa na michezo ya mtandaoni ya kuigiza wahusika, ambamo mchezaji wa bure huwekewa mipaka ilhali mlipaji hufunguliwa milango, yazingatie haya kabla ya kuitoa fedha iliyopatikana kwa jasho la shamba la muguka:

1. Soma kwanza masharti ya akaunti ya bure. Katika World of Warcraft, asiyelipa hukomea daraja la 20 na hawezi kumiliki zaidi ya dhahabu 1,000.
2. Imalize sehemu ya bure kwanza, maana aghalabu wenye pupa hulipia mchezo wasioupenda.
3. Kusanya dhahabu ya mchezo ununue Bond, ambayo katika Old School RuneScape hukupa siku 14 za uanachama pasipo kutoa shilingi.
4. Usiitumie mali yako yote kununua silaha za wanachama. Muda ukiisha hubaki ghalani, nawe huwezi kuzitumia.
5. Jihadhari na wauzao dhahabu kwa magendo, kwani akaunti yako yaweza kufungwa daima.
6. Usimpe mtu yeyote nywila wala namba ya siri ya M-Pesa, hata akijidai mtumishi wa kampuni.
7. Sitisha malipo ya kujirudia mapema, siyo baada ya fedha kukatwa.
8. Ukiwa chini ya miaka 18, taka idhini ya mzazi kabla ya kulipa.